Mlezi wa Kiume wa Sikudhani

Ilikuwapo nchi moja ambayo jina lake lilikuwa bado linajadiliwa kwenye kamati, kwa hiyo wananchi wake waliiita tu "hapa kwetu." Hapa kwetu watoto wote walikuwa sawa mbele ya sheria. Katiba ilisema hivyo, na ukuta wa mahakama uliandikwa hivyo kwa rangi ya mafuta. Mvulana akikosa alikamatwa, msichana akikosa alikamatwa, na mgambo alikuwa yule yule, kamba ile ile. Tofauti ilikuja baadaye kidogo, wakati wa kuachiwa.

Sikudhani aliijua tofauti hiyo kwa sababu ya punda.

Punda huyo alikuwa mali ya Halmashauri. Alibeba maji ya kuoga ya Mkuu wa Wilaya, na kwa kazi hiyo alihesabiwa kuwa mtumishi wa umma. Mchana mmoja, mtumishi huyo akiwa anasinzia kwenye kivuli cha ofisi, Sikudhani na binamu yake Hamduni walimpanda. Sikudhani alikaa mbele akashika shingo ya punda, Hamduni akakaa nyuma akamshika Sikudhani. Wakazunguka uwanja wa sherehe za taifa, Sikudhani akicheka mpaka magego yakapigwa na jua. Punda mwenyewe hakulalamika. Aliyelalamika ni Katibu Tarafa, ambaye wakati huo alikuwa dirishani kwake akitekeleza kazi ya kutazama nje.

Wakafikishwa kwa Hakimu wa Watoto, Mheshimiwa Tumbilo. Alikuwa mtu wa sauti nene, mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuogofya. Akaanza na Hamduni, akavaa ile ya kusomea.

"Kijana, kwa nini ulimpanda punda wa umma?"

"Nilitaka kujua anavyokwenda, Mheshimiwa."

"Mnasikia?" Hakimu aliugeukia ukumbi. "Huu ndio moyo wa utafiti! Taifa litaendeleaje kama vijana wake hawajui punda anavyokwenda?"

Ukumbi ukapiga makofi. Hamduni akaonywa kwa upole, akapewa ndizi mbivu, na kwa kuwa ameonyesha mapenzi kwa mnyama wa serikali, akaajiriwa kumtunza, kwa sharti kwamba awe analala naye bandani.

Sikudhani akafurahi. Alikuwa anapenda ndizi. Akasogea mbele.

Hakimu akabadilisha miwani.

"Binti, ulikaaje juu ya punda?"

"Kama Hamduni, Mheshimiwa."

Ukumbi ukaguna.

"Kama Hamduni! Yaani mguu mmoja huku, na mwingine huku?"

"Ningeiweka yote upande mmoja ningeanguka."

"Bora ungeanguka! Binti akianguka anaokotwa. Binti akikaa hivyo, nani atamwokota?"

Sikudhani alifikiri swali hilo linahitaji jibu, akafungua mdomo. Karani akaandika kwamba mshtakiwa alitaka kujibu. Kisha Katibu Tarafa akaapishwa, akathibitisha kwamba wakati wa tukio meno ya binti yalionekana yote, hata lile bovu la nyuma, na kwamba yeye shahidi hajapata usingizi tangu siku hiyo.

"Mheshimiwa, nitafungwa?" Sikudhani akauliza.

"Kufungwa? Sisi si wakatili, binti yangu. Wanaofungwa ni wahalifu. Wewe utahifadhiwa."

"Mpaka lini?"

"Kifungo ndicho chenye mwisho," Hakimu akasema, na sasa macho yake yalilegea kwa huruma. "Hifadhi haina mwisho. Ni kama upendo wa mama."

*

Nyumba ya Hifadhi ya Mabinti ilikuwa na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, ili mabinti wasiibiwe. Ndani yake walifundishwa na Mama Mlezi, mwanamke mpana aliyevaa funguo nyingi kiunoni kama shanga. Walifundishwa kuketi. Walifundishwa kuinamisha macho, kupika uji bila kuonja, na kucheka kwa pua. Kusoma hakukuwamo, maana ilionekana kwamba macho yaliyoinama hayahitaji ubao.

Hilo ndilo lililomkata Sikudhani maini. Alikuwa darasa la saba. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu, hadi muuza maandazi, kwamba yeye atakuwa mwalimu wa hesabu.

Jirani yake wa kitanda aliitwa Mwajabu, msichana mwembamba mwenye ulimi usiolala.

"Wewe umeletwa kwa nini?" Mwajabu alimuuliza siku ya kwanza, wakichambua mchele.

"Nilipanda punda. Na wewe?"

"Mimi nilipiga kelele."

"Kelele tu?"

"Kuna mwanamume alinifuata kutoka bombani. Nikienda anakwenda, nikisimama anasimama. Akanishika mkono, nikapiga kelele, watu wakaja, mgambo wakaja. Wakamuuliza, akasema alikuwa anatembea. Wakampa nauli arudi kwao. Mimi wakanihifadhi nisije nikafuatwa tena."

Sikudhani aliacha kuchambua. "Sasa yeye yuko wapi?"

"Nje. Anatembea."

"Si wangemhifadhi yeye, njia ikabaki nyeupe?"

"Shii! Ukisema hivyo kwa sauti watakuhifadhi ndani ya hifadhi. Kuna chumba."

Katika nyumba ile binti alitoka kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa mume, atakapofikia umri na mume mwenyewe kupatikana. Wa pili ulikuwa Kanuni ya Makabidhiano, iliyobandikwa jikoni juu ya sufuria, nayo ilisema: *Binti atakabidhiwa kwa mwenye jinsia ya kiume alalaye chini ya paa la kaya yake.* Mwajabu alikuwa na mama, mama mkubwa na shangazi wawili. Sikudhani alikuwa na bibi. Kwa hesabu hiyo, wote wawili walikuwa wanangoja mume ambaye hata mama yake huenda alikuwa hajamwachisha ziwa.

*

Bibi Mwantumu, bibi yake Sikudhani, aliijia Kamati ya Makabidhiano asubuhi moja akiwa amejifunga kanga mbili, na chini ya ile ya juu kulikuwa na kitu kinachofurukuta. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mheshimiwa Tumbilo. Wajumbe walikuwa Mama Mlezi na Katibu Tarafa. Sikudhani aliketishwa kwenye kigoda pembeni, macho chini kama alivyofundishwa, akawa anaiona miguu tu. Aliitambua ya bibi yake kwa vumbi la kijijini kwao, akataka kulia.

"Bibi, mumeo yuko wapi?" Hakimu alianza.

"Makaburini."

"Mwanao?"

"Alikwenda mgodini. Labda naye yuko chini ya udongo, haandiki."

"Na huyu kijana Hamduni? Mwanamume safi, tena mtumishi wa serikali."

"Analala na punda, kama ulivyoamuru."

"Aa. Ndiyo. Basi nyumba yako haina mwanamume."

"Mimi ndiye niliyemlea huyu mtoto toka ananyonya, baba. Nilimchanjisha, nilimpeleka shule, homa yake naijua kwa kunusa. Nipeni mimi."

"Wewe ni mwanamke."

"Ndivyo nilivyokuja."

"Kanuni inasema wa kiume."

"Haya," Bibi Mwantumu akasema, akafungua kanga. "Wa kiume huyu hapa."

Akaweka mezani jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye mkia wa kijani na kilemba kilichoangukia jicho moja kama kofia ya mzee aliyefilisika. Jogoo akaitazama Kamati kwa jicho lililobaki.

"Anaitwa Sultani. Analala chini ya paa langu, juu ya kabati la vyombo."

Katibu Tarafa akaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alivaa miwani ya kusomea, akaisoma Kanuni, akairudia akifuata kwa kidole. Ilisema *wa kiume*. Haikusema wa kiume wa nini.

"Mheshimiwa, huyu ni kuku!" Katibu Tarafa akasema.

"Kuku ni wale wake zake," Bibi akamsahihisha. "Huyu jogoo."

"Tulia, Katibu," Hakimu akasema kwa sauti ya chini, akiwainamia wajumbe wake. Lakini sauti yake hata ikiwa ya chini ilifika barabarani. "Fikiri. Tukimkubali jogoo, watu watacheka. Tukimkubali bibi, watu wataiga. Kicheko hupita."

Wajumbe wakatikisa vichwa, maana hekima ilikuwa imeingia chumbani. Ikaamuliwa Sultani ahojiwe.

"Je, mlezi huyu ana sauti katika nyumba? Maana mwanamume asiye na sauti—"

Hapo Sultani akanyoosha shingo, akapiga mbawa, akawika. Akawika mpaka karatasi za Kamati zikaruka. Hakimu alingoja kwa heshima.

"Amenikata kauli," akasema. "Ana mamlaka. Ana wake?"

"Wengi."

"Wana adabu?"

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda punda."

Sikudhani aliuma mdomo. Kicheko kilimjaa, akakitoa kwa pua kama alivyofundishwa, na Mama Mlezi akamtazama kwa fahari.

"Na chakula?" Mama Mlezi akauliza. "Huleta chakula nyumbani?"

"Hapana, mama. Anakula tu na kupiga kelele."

Mama Mlezi, ambaye nyumbani alikuwa na mume, alitafakari kidogo. "Sioni kasoro," akasema.

Basi Sikudhani akakabidhiwa. Hakimu alimsomea masharti, akimtazama yeye na kisha jogoo. Binti hatakwenda popote bila ruhusa ya mlezi. Atamtii mlezi katika mambo yote. Mkaguzi Mkuu wa Walezi atapita nyumbani wakati wowote, na akikuta nyumba haina mlezi wa kiume, binti atarudishwa katika hifadhi, na safari hiyo mlango utakaobaki ni ule wa mume.

*

"Shikamoo, Sultani," watoto wa jirani walisema kila asubuhi wakipita uani. "Sikudhani anaruhusiwa kwenda shule?"

Bibi Mwantumu alimmwagia mlezi punje za mtama. Sultani akainama na kuinuka, akainama na kuinuka.

"Amekubali," Bibi alisema. "Tena kwa msisitizo. Nenda, mke mwenzangu, usichelewe hesabu."

Sikudhani alikwenda mbio, madaftari kifuani. Alirudi darasani akakuta wenzake wamefika kwenye sehemu na asilimia, akawafikia, akawapita. Mlezi wake hakumuuliza amekaa na nani, wala kwa nini amechelewa. Kwa kweli katika wilaya nzima hapakuwa na mlezi mwenye busara kama yule.

Habari zikasambaa. Akina mama waliokuwa wamekwenda mara nyingi kwenye Nyumba ya Hifadhi wakiwa na machozi, sasa walikwenda wakiwa na majogoo. Walipanga foleni kuanzia mlangoni hadi kwa fundi baiskeli, kila mmoja na mwanamume wake kwapani. Kamati haikuweza kukataa, kwa sababu kumkataa jogoo wa pili kungekuwa kukiri kosa la wa kwanza, na hapa kwetu serikali haikuwa na mazoea hayo. Mwajabu alitoka na jogoo mmoja mdogo mwenye kwikwi.

"Huyu wangu hajui hata kuwika vizuri," alimlalamikia Sikudhani walipokutana kisimani.

"Mwache, bado kijana."

"Jana kapigwa na mtetea! Mlezi mzima!"

"Usimtangaze, shoga. Sitara ya mwanamume ni nyumba yake."

Wakacheka, na sasa hawakucheka kwa pua.

*

Mkaguzi Mkuu wa Walezi, Bwana Kidundo, alifika siku ya Jumamosi jua likiwa utosini. Alikuwa mtu mnene wa suti ya kaki, aliyetembea taratibu kwa sababu tumbo lilitangulia na yeye hakupenda kulipita. Huko nyuma, ilijulikana, alikagua nyumba moja akawekewa mchicha. Aliandika kwamba kaya ile haina maadili, na binti wao akarudishwa jioni ile ile.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mheshimiwa, karibu ndani," Bibi Mwantumu alisema, akimtandikia mkeka.

"Nimekuja kumwona mlezi. Lakini nimetoka mbali, mama." Akaketi, akanusa hewa, akatabasamu. "Na njia ile yote hata maji ya kunywa sijapata. Nadhani hapa ni kwa watu wanaojua mgeni."

Bibi na mjukuu wakakutana jikoni.

"Ndiyo basi tena," Bibi akanong'ona. "Mgeni wa namna hii huchinjiwa jogoo. Nisipochinja, atatuandika vibaya. Nikichinja, mlezi huna, unarudi kule."

"Tuchinje mtetea."

"Mtetea? Nimlishe Mkaguzi Mkuu mwanamke mwenzangu? Atasema nimemtukana."

"Tuazime jogoo kwa kina Mwajabu."

"Wa kina Mwajabu analea. Wa kwa Bi Tatu analea. Wa yule jirani wa fundi baiskeli analea mabinti wawili. Kijiji hiki, mjukuu wangu, hakina jogoo hata mmoja asiye na kazi ya serikali."

Uani, Sultani alikuwa anaparura majivu bila wasiwasi, kama kiongozi aliyeambiwa kila kitu kinakwenda vizuri. Sikudhani alimtazama. Aliwaza chumba cha ndani ya hifadhi. Aliwaza mtihani, ambao ulikuwa wiki inayofuata. Kichwa chake, ambacho kilikuwa kimezoea hesabu, kilitulia.

"Bibi," akasema. "Tumchinje huyu huyu."

"Umeingiwa na nini, mtoto wewe?"

"Tumchinje, ale, ashibe. Halafu akaandike yeye mwenyewe mlezi amekwenda wapi."

Bibi Mwantumu alimtazama mjukuu wake kwa muda. Kisha akachukua kisu.

"Kuna neno moja," akasema. "Hapa kwetu mwanamke hachinji."

"Ndiyo. Mwanamume wa nyumba hii ndiye anayechinjwa."

Wakatoka na kisu na Sultani. Bibi akapiga goti mbele ya Mkaguzi, akamweleza kwamba nyumba imemwandalia jogoo, lakini kwa kuwa kuchinja ni kazi ya wanaume, wao wanawake wanyonge wanaomba mkono wake. Bwana Kidundo aliguswa sana. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akasema hii ndiyo kaya ya mfano. Akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja kwa ustadi.

"Na mlezi?" aliuliza akinawa. "Mbona simwoni?"

"Atakuja na wali, Mheshimiwa," Sikudhani alisema, macho chini.

*

Bwana Kidundo alilala kidogo, akaamshwa na harufu ya nazi. Alikula. Alikula mapaja, akala kidari, akapewa firigisi, ambayo hapa kwetu mwanamke haigusi, akafumba macho na kuitafuna kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Alifyonza shingo. Alivunja mifupa midogo akanyonya ndani yake. Mwisho akateua kijiti, akachokoa meno, akacheua, akafungua mkoba wake.

"Sasa kazi. Mwiteni mlezi nimhoji."

Sikudhani akamsogezea maji ya kunawa.

"Nimesema mwiteni mlezi wa kiume wa binti huyu. Anaitwa..." akatazama karatasi, "...Sultani."

"Umeshamhoji, Mheshimiwa," Bibi Mwantumu akasema taratibu. "Hukumwacha hata shingo."

Mkaguzi Mkuu alitazama sahani. Sahani ilimtazama yeye. Jasho likamtoka pande zote za pua.

"Mmenilisha mlezi?"

"Umemchinja kwa mkono wako," Bibi akasema. "Majirani wote walikuwa kwenye ua wanaangalia. Walikusifia unavyojua kushika kisu."

"Mlezi aliyesajiliwa! Mwenye muhuri!" Bwana Kidundo akasimama, akaketi. Aliona jina lake likisomwa mbele ya Waziri wa Haya na Staha: afisa aliyetumwa kukagua, akala. "Binti huyu arudishwe! Nyumba haina mwanamume!"

"Tutakwenda wote, Mheshimiwa," Sikudhani akasema. "Wataniuliza mlezi wangu yuko wapi. Nitawaonyesha alipo."

Akanyoosha kidole, kwa adabu, kuelekea kwenye vifungo vya shati la Mkaguzi.

Bwana Kidundo alifunika tumbo kwa mkoba. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

"Sasa unataka niandike nini, mwanangu?"

"Andika mlezi wa Sikudhani ni Bibi Mwantumu."

"Siwezi. Ni mwanamke."

"Basi niandike mimi mwenyewe. Nitajilea."

"Wewe? Wewe si mwanamume!"

"Na Sultani hakuwa mtu."

Mkaguzi Mkuu alifungua kinywa. Alitafuta kanuni ndani ya kichwa chake, hakuiona; alitafuta kwenye mkoba, hakuiona. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kukagua mabinti, alimtazama mmoja usoni, na aliyeinamisha macho akawa yeye.

Akashika kalamu. Kumwandika mwanamke hakuweza, mkono wenyewe ulikataa. Aliandika kwamba amefika katika kaya hiyo, amekutana na mlezi ana kwa ana, wameelewana sana, na ameridhika naye moja kwa moja. Aliandika kwamba mlezi ni mtulivu, hana ugomvi na majirani, na hatarajiwi kuhama.

"Na ruhusa?" Sikudhani akakumbusha. "Niende shule?"

"Mlezi anaruhusu shule," akaandika.

"Na sekondari."

"Na sekondari."

"Na kucheka," Bibi Mwantumu akaongeza kutoka jikoni, akisugua sufuria.

Aliandika na hilo, akapiga muhuri, akaondoka akipita njia ya mashambani, koti begani, akishikilia tumbo kana kwamba linaweza kuwika.

Taarifa yake ilisomwa makao makuu, ikasifiwa. Waziri mwenyewe alisema kwamba katika walezi wote wa nchi hakuna aliyeelezwa vizuri kama huyu, na kwamba kama wanaume wote wangekuwa hivi, kazi ya serikali ingekuwa nyepesi. Likatoka agizo fupi, lenye muhuri mkubwa kuliko maneno yake: *Mlezi Sultani aendelee hivyo hivyo.*

Naye, ambaye hakuwahi kukaidi amri, aliendelea hivyo hivyo.

Siku ya mtihani Mwajabu alimsindikiza Sikudhani mpaka kwenye geti la shule, akiwa na yule wake mwenye kwikwi chini ya kwapa, kwa usalama.

"Mlezi wako hajambo?" akauliza.

"Hajambo," Sikudhani akasema, akichonga penseli. "Siku hizi hanigombezi kabisa."